Kilichotuleta Mjini

Kuna maneno nimeyasikia tangu nihamie Unguja, barazani, ndani ya daladala, hata kwenye mikutano ya wazazi skuli: Wapemba wameujaza mji. Wanaoyasema si watu wabaya. Wengine ni majirani zangu wa hapa Magogoni, tunazikana na kupelekeana futari, na baadhi yao wazee wao walitoka Makunduchi, Tumbatu au Ngazija wakaja kujenga Ng'ambo wakati babu yangu bado anapalilia mikarafuu Mtambile. Yanayoniuma ni maelezo yanayofuata. Vijana wanapenda mji. Wamelikimbia jembe. Wanataka taa. Nimezaliwa Pemba, nimezaa Unguja, nimepokea jamaa wasiohesabika katika nyumba yangu ya vyumba vitatu, na bado sijamuona aliyefika kwa ajili ya taa.

Nnavyoona mimi, mji huu umejazwa na maamuzi. Mmoja ameamua meli ifunge gati wapi, mwengine ameamua mahakama ikae wapi, mwengine daktari bingwa apangiwe wapi na karatasi itiwe saini na nani. Sisi wengine tumefuata kilichopelekwa huko.

Hata aliyeufanya mji huu kuwa mji mkuu alikuwa mtu wa kuja. Seyyid Said bin Sultan alikuwa na Muscat, mji wa wazee wake, lakini katika miaka ya 1830 akazidi kukaa Unguja, na ilipofika 1840 makao ya utawala wake yalikuwa hapa. Alikuta bandari nzuri, maji matamu, pepo za kaskazi na kusi zinazoleta majahazi na kuyarudisha, biashara ya pembe za ndovu na ya binadamu, na ardhi inayokubali mikarafuu. Alipotua, fedha zikatua naye, na wenye haja na fedha au na mtawala wakaja. Wahindi wa Kutch walikuja kwa biashara, na mmoja wao, Jairam Shivji, akakodishwa forodha yote. Washihiri walikuja kutoka Hadhramaut kubeba mizigo na kuuza kahawa. Wangazija walikuja kwa kazi na kwa elimu. Kila kundi lilikuwa na mtu wa kwanza aliyethubutu, na nyuma yake ndugu waliopata pa kufikia.

Kuna mmoja aliyekwenda upande wa pili, na huwa nasikitika kwamba hatumtaji zaidi. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad, mtawala wa wenyeji wa Unguja, alijenga kasri yake Dunga, katikati ya kisiwa. Ilikamilika mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Seyyid Said. Mji ulipokuwa makao ya utawala wa wengine, mwenye kisiwa akakaa mbali nao. Magofu yapo, na ukipita na gari ya kwenda upande wa Chwaka unayaona. Kwangu mimi yale mawe ni ushahidi kwamba mji mkuu haumvuti kila mtu. Humvuta yule ambaye haja yake iko huko.

Halafu wapo ambao hawakuhama kabisa, waliletwa. Huwezi kuandika habari za watu kuja mjini Zanzibar ukawapita. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897, Sultan Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuuondoa chini ya ulinzi wa Waingereza. Amri ile ilikuwa na mtego ndani yake. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai, na aoneshe ana pa kukaa na namna ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale, wakiruhusiwa kuwa na kibanda na shamba la muhogo kwa kumfanyia kazi mwenye ardhi. Masuria hawakuguswa na amri ile hata kidogo. Wao walingoja hadi 1909.

Katika hali hiyo mji ulikuwa na kitu ambacho shamba halikuwa nacho. Ng'ambo, upande wa pili wa ile hori iliyoutenga na Mji Mkongwe, mtu aliweza kusimamisha nyumba ya miti na udongo, akalipa kodi ya kiwanja, na asubuhi akachagua kazi: hamali, kufua nguo, kuchota maji, kibarua cha kupakia karafuu. Kesho akachagua nyengine. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wa nani. Nikisikia mtu anasema watu hukimbilia mji kwa starehe, nawakumbuka hawa. Waliikimbilia Ng'ambo kwa sababu ndipo mahali palipokuwa karibu ambapo mtu angeweza kuanza upya na jina lake.

Na kuanza na jina jipya pia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini. Alipata mwalimu wa kumfundisha kuimba na watu wa kupiga naye, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, zikauzwa pwani nzima. Sidhani kama Fumba ilikosa watu wa kupenda sauti yake. Ilikosa wapigaji wa udi na fidla, wafanyabiashara wa santuri, matajiri wa kualika taarabu majumbani mwao, na meli ya kwenda India. Vyote hivyo vilikuwa mjini. Mwanamke masikini wa shamba, kipaji chake kiko kifuani, na kila kinachohitajika kukitoa kiko mwendo wa siku moja kutoka kwao. Asingehama?

Sasa nije kwetu Pemba, maana wanaosema tumeujaza mji wanasahau kwamba kulikuwa na zama watu walikuja kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba iliguswa kidogo tu. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka Pemba, na kila msimu mkubwa wachumaji walivuka kuja kwetu, kutoka Unguja na hata bara. Bibi yangu alikuwa akitusimulia nyumba zilivyojaa wageni, watu wanalala ukumbini, sufuria za wali hazitoki jikoni. Hakuna aliyesema watu wa Unguja wanapenda shamba. Kazi ilikuwa Pemba, watu wakaja Pemba.

Mimi nimekuta mwisho wa mambo hayo. Nakumbuka jioni za kuchambua: taa ya chemni katikati, jamvi limejaa karafuu mbichi, mama na jirani zetu wanazisugua viganjani kuzitenga na makonyo, vidole vyao vimekuwa vyeusi na harufu imeingia hata kwenye mito ya kulalia. Asubuhi zinaanikwa uani, na mtoto mmoja anaachwa nyumbani kwa ajili ya mvua, likitanda wingu tu anapiga kelele. Wachumaji walilipwa kwa pishi. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini soko lilikuwa limeshaondoka. Indonesia, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao za kretek, ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Kwetu mnunuzi wa halali alikuwa mmoja tu, shirika la serikali, na bei ni ile aliyosema yeye. Wengine walijaribu magendo ya Mombasa. Baba hakuwa mtu wa magendo. Kaka yetu mkubwa aliondoka mwaka ambao fedha za karafuu hazikutosha hata kuwalipa waliozichuma.

Alikwenda Darajani, sokoni mjini Unguja, kwenye duka la mtu wa kijijini kwetu, akalala juu ya marobota ya vitambaa. Wakati huo biashara ilikuwa imeshafunguliwa, bidhaa zinatoka Dubai, na Mpemba mwenye duka alimwita mdogo wake, mdogo akamwita shemegi, mpaka Kariakoo, Dar es Salaam. Hilo linajulikana, silirefushi.

Ninalotaka kulirefusha ni habari ya mama mdogo, kwa sababu namna alivyohama ndivyo walivyohama watu wengi ninaowajua, na haingii kwenye kitabu chochote.

Alikuja kutibiwa nyonga. Alikuja na mkoba mmoja, kanga jozi mbili, kikapu cha ndizi za mkono wa tembo na chupa ya mafuta ya karafuu, na akili yake yote ilikuwa kurudi kabla ya mpunga kuiva. Hospitali ikampima, ikampa dawa, ikamwambia arudi kliniki baada ya mwezi. Nauli ya kurudi Pemba na kuja tena ni kubwa kwa mtu asiye na mshahara, na kupanda na kushuka ngazi za meli kwa nyonga ile ni adhabu. Akabaki. Mwezi ukaja, akapewa mwezi mwengine. Hakuweza kuinama, kwa hivyo akamwita binti yake aje kumsaidia kuoga. Binti akakaa siku nyingi bila kazi, akaanza kukaanga mihogo na kachori nje ya mlango wangu jioni, na biashara ikakubali. Mdogo wa binti akaona anakaa Pemba peke yake na baba asiyepika, naye akaletwa, akatafutiwa nafasi ya skuli hapa. Skuli ilitaka barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wa hapa, sheha wa hapa akataka barua ya sheha wa kule. Siku ile barua zilipopatikana ndipo mama mdogo alipohesabiwa kuwa amehama. Yeye mwenyewe, ukimuuliza, mpaka leo atakwambia yuko Unguja kwa matibabu.

Mpunga ulivunwa na jirani. Mwaka uliofuata konde lililimwa na jirani huyohuyo, na sasa ni lake kwa kila kitu isipokuwa jina.

Ami yangu naye alisomesha Pemba maisha yake yote. Alipostaafu, karatasi zake za kiinua mgongo zilipitia Chake Chake, kwa Afisa Mdhamini, kama utaratibu ulivyo. Kila wizara ina Afisa Mdhamini wake Pemba, anayeisimamia kule, na maofisa wale wanafanya kazi. Lakini kuna mambo mengi ambayo jibu lake ni moja: faili limeshapelekwa Unguja. Basi akalifuata. Akaambiwa kuna hati ya ajira ya kwanza haionekani, arudi nayo. Akarudi Pemba, akaitafuta, akavuka tena. Alikuwa mtu nadhifu, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, karatasi kwenye bahasha ya kaki aliyoikunja ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mawimbi. Alizipata fedha zake mwishowe, na sehemu kubwa ya kilichobaki alinunulia kiwanja Unguja. Nilimuuliza kwa nini, na yeye ana nyumba nzuri Pemba. Akanijibu, "Mwanangu, nani atanifuatilia pensheni nikiwa kule?"

Kiwanja chenyewe kilikuwa kipande cha eka tatu. Wasiozijua: baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi wasio na mashamba, kila familia eka tatu za kulima. Zile zilizokuwa kando ya mji zilianza kumegwa, kipande kwa kipande, muhogo ukang'olewa na misingi ya matofali ikachimbwa. Kwa hivyo ardhi iliyotolewa ili watu walime ndiyo iliyopokea waliolazimika kuacha kulima. Hakuna barabara iliyopangwa, hakuna mtaro, na masika ikichanganya sisi wa mabondeni tunatoa maji ndani kwa ndoo. Zama za mwanzo wa Mapinduzi zilijitahidi kupanga: majumba ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha yale marefu ya Michenzani, na nyumba za Mji Mkongwe zilizotaifishwa zikaingia watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba. Lakini kasi ya kujenga haikuwahi kulingana na kasi ya kuleta kila kitu mahali pamoja.

Sensa zinaonesha. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 walikuwa 893,169, nusu nzima zaidi ndani ya miaka kumi, katika Zanzibar yenye watu 1,889,773. Mkoa mmoja, mdogo kwa ardhi, umebeba karibu nusu yetu sote. Lakini tazama na Pemba: mikoa yake miwili ilitoka watu 406,848 ikafika 543,441. Pemba haijahama. Na waliojaza Mjini Magharibi wamo waliozaliwa humohumo, waliotoka kaskazini na kusini mwa Unguja, na ndugu zetu wa bara waliokuja kwa ajira za ujenzi na utalii. Anayetaka kumnyooshea kidole Mpemba atafute kwanza vidole vingi.

Kuna sababu nyengine ambayo watu wa kwetu hawaipendi kuitaja na mimi nitaitaja kidogo tu. Khofu pia huhamisha. Januari 2001, baada ya damu kumwagika Pemba kwenye maandamano, wapo waliovuka usiku hadi Shimoni, Kenya. Wengine walirudi, wengine walikuja Unguja kimyakimya kwa jamaa. Mtu wa namna hiyo hakai akakuhesabia faida za mji.

Na kuhama kwenyewe si kukata mguu. Tunakwenda na kurudi, Idi, maziko, harusi, msimu wa karafuu ukiwa mzuri. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikachukua mamia ya watu. Ilikuwa siku chache baada ya sikukuu. Ndani yake mlikuwa na watu wa mji na watu wa Pemba, na wengi walikuwa yote mawili. Mtaani kwetu kuna nyumba zilizofungwa mlango wiki ile. Mungu awarehemu.

Ukitaka kujua kama ofisi ndiyo inayovuta watu, tazama Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa 1973, na kwa miaka zaidi ya 40 watu waliendelea kubaki Dar es Salaam kwa sababu wizara zilibaki Dar es Salaam. Kuanzia 2016 wizara zilipohamishwa kweli, watumishi wakahama, na Wazanzibari walioajiriwa na Serikali ya Muungano wakiwamo. Hakuna aliyelazimika kwanza kuipenda Dodoma. Faili lilikwenda, wakaenda.

Kwa hivyo yapo yanayoweza kufanywa, na mengine yameanza. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Jengo ni zuri. Ninachotaka ni madaktari bingwa wanaokaa Mkoani mwaka mzima, wapewe nyumba ya kuwatosha na watoto wao wapate skuli nzuri pale pale, kwa sababu daktari naye ni mzazi, naye atafuata kilichoko mjini kama sisi tulivyofuata. Afisa Mdhamini apewe saini inayomaliza jambo, ili mwalimu aliyestaafu Micheweni asivuke bahari kutafuta hati. Na wanawake wa mwani, waliokaa vijijini kwao tangu kilimo hicho kianze mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu kiliwapa fedha yao wenyewe pwani yao wenyewe, walipwe bei inayofanana na migongo yao.

Mtoto wa kaka amemaliza kidato cha sita, na amenipigia kuuliza kama kuna pa kulala. Nimemwambia chumba kipo, atalala na binamu zake. Nimemwambia pia aangalie kwanza kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) ya Mchanga Mdogo, huko huko Pemba, na kama fani anayoitaka haisomeshwi pale aniandikie jina lake. Nawauliza na wenzake. Nikishaipata orodha nitaipeleka mwenyewe kwa mwakilishi wa jimbo letu, na ninyi mliotoka kijiji kimoja na mimi, kama mna vijana nyumbani wanaosubiri kuvuka, niongezeeni majina ya fani zao.